Kabla ya Kuingia Mchangani Mambrui

Anayekwenda Mambrui kwa njia za mchanga apime upepo wa tairi asubuhi, kabla hajaondoka Malindi, tairi zikiwa baridi. Ukipima baada ya kutoka Mombasa juani, kilomita 120 hivi, hewa imeshapanuka na geji itakupa namba ya uongo. Kiwango cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mengi huwa kati ya pauni (PSI) 30 na 35.

Beba geji yako. Ya kituo cha petroli imeshaangushwa na kila mtu, mimi siiamini. Pampu ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara nayo ni lazima, maana upepo ukishautoa utauhitaji tena.

Usiutoe mjini, ngoja mchanga uanze. Fungua kofia ya valvu, bonyeza kile kipini cha katikati kwa ncha ya ufunguo, pima, bonyeza tena. Shusha mpaka 20, tairi zote nne sawa. Utaiona imetepeta kwa chini. Watu husema tairi inapanuka, lakini hasa ni unyayo wake unaorefuka, uzito ukaenea juu ya mchanga mwingi badala ya kuchimba. Bado inazama? 18, hata 15. Chini ya hapo inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Basi nenda taratibu, usukani usiukate ghafla, na gari likianza kutitia achia mafuta, rudi kinyumenyume kwenye alama zako zilezile. Ukizidi kukanyaga, litakalia tumbo.

Ndugu zetu walio Ulaya wasiyaige haya kwenye barabara za theluji. Huko baridi yenyewe hupunguza upepo, karibu pauni moja kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka, na kazi yao ni kuujazia ufike kiwango cha kibandiko.

Beleshi, kamba ya kuvutia, maji ya kunywa. Na kipande cha ubao, kwani jeki isiyo na ubao huzama yenyewe. Ufuoni usiteremshe gari: kasa hutaga huko, na siku za bamvua maji hupanda mbali.

Ukifika lami, simama kando ujaze kabla ya kushika kasi. Tairi legevu hupata moto ikapasuka. Pampu hizi ndogo huchemka, kwa hiyo ipumzishe baada ya tairi ya pili.