Kuunda mfano wa Saturn V unaoruka: kutoka kwenye sanduku hadi uwanja wa kurushia

Saturn V, roketi iliyowapeleka wanaanga mwezini, ilikuwa na urefu wa mita 110.6, na kipenyo cha hatua yake ya kwanza, yaani sehemu ya chini inayowaka kwanza, kilikuwa mita 10.1. Seti ya Estes, kampuni ya mifano ya roketi, ya kipimo cha 1 kwa 100 humpa mjenzi chombo chenye urefu wa takriban sentimita 110 na unene wa sentimita 10, kinachoruka kwa injini ya baruti ya aina ya D12-3. Vipande vyake ni vingi, lakini ugumu wa kazi hii hautokani na wingi wa vipande. Unatokana na mkia.

Roketi halisi iliongozwa kwa kugeuza injini nne za pembeni kati ya tano za hatua ya kwanza, na kwa hiyo mapezi yake yalikuwa madogo. Mfano hauwezi kugeuza injini. Unanyooka kwa sababu kitovu cha uzito wake kiko mbele ya kitovu cha kanieneo ya hewa, yaani mahali nguvu ya hewa inayousukuma inapojumlishwa, na umbali kati ya vitovu hivyo haupaswi kupungua unene wa bomba mara moja. Mapezi madogo husogeza kitovu cha kanieneo mbele, na kila tone la gundi au koti la rangi linaloongezwa mkiani huvuta kitovu cha uzito nyuma. Katika hatua zote zinazofuata, jiulize kwanza uzito unaoongeza unakaa upande gani.

Hatua ya 1: Kagua na upime. Tandaza vipande vyote mezani, uvilinganishe na orodha, kisha usome maelekezo mpaka mwisho kabla ya kufungua gundi. Pima bomba kuu kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito wake. Utapima tena kila baada ya hatua.

Hatua ya 2: Chora mistari. Laza bomba kwenye kona ya fremu ya mlango, mahali ubao unapokutana na ubao, na upitishe penseli kando ya fremu. Utapata mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, zaidi kuliko unavyoweza kuupata kwa rula juu ya kitu cha mviringo. Mistari hii ndiyo itakayoongoza mapezi, karatasi za mifereji na rangi, kwa hiyo usiifute mapema.

Hatua ya 3: Kiti cha injini. Gundisha pete za kushikilia kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo hupenya nyuzi za karatasi na ni nyepesi kuliko epoksi. Paka gundi ndani ya bomba kuu kabla ya kusukuma kiti, na usukume kwa mwendo mmoja bila kusita, kwa maana gundi hiyo hushika haraka na kiti kinaweza kukwama nusu ya njia. Acha ikauke usiku kucha. Kabla ya kuendelea, funga pia kamba ya mpira inayounganisha kichwa na mwili, kwa sababu baadaye mkono hautafika huko ndani.

Hatua ya 4: Karatasi za mifereji. Hizi ni karatasi nyembamba za plastiki zilizofinyangwa kuiga mbavu za roketi halisi, na ndizo zinazoipa sura yake. Kata kila moja ikiwa na ziada ndogo, izungushe kwenye bomba bila gundi, halafu punguza kidogo kidogo mpaka ncha zikutane bila kupandana. Gundi ya plastiki yenye kiyeyushi huweza kuikunja karatasi nyembamba kama hii. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Weka maungio yote upande mmoja, kwenye mstari uliochora, ili upande unaotazamwa ubaki safi.

Hatua ya 5: Rangi. Piga msasa laini, paka rangi ya msingi kwa koti jepesi, halafu nyeupe mwili mzima kwa makoti membamba. Subiri siku mbili kamili kabla ya kubandika tepu ya kufunika. Mfano wangu wa kwanza niliusubiri usiku mmoja tu, na tepu iling'oka na ukanda wa rangi nyeupe wenye upana wa kidole, mpaka karatasi ikaonekana. Sasa hubandika tepu kwanza kwenye suruali yangu mara mbili ili kupunguza nguvu yake, na baada ya kuibandika kwenye bomba napuliza koti jembamba la nyeupe juu ya ukingo wake kabla ya nyeusi. Nyeupe huziba nyufa ndogo chini ya tepu, na nyeusi haipati pa kupenya.

Mabaka meusi ya Saturn V yaliwekwa ili kamera zione jinsi roketi inavyojizungusha. Kuwa mwangalifu na picha unayoiiga. SA-500F, chombo cha mwaka 1966 cha kuhakiki mitambo ya kurushia, ambacho hakikuruka kamwe, kilikuwa na weusi kwenye sehemu iliyo kati ya matangi ya hatua ya kwanza. Roketi zilizoruka zilikuwa nyeupe hapo. Mifano mingi imeurithi mchoro wa SA-500F. Chagua safari moja, kwa mfano Apollo 11 ya Julai 1969, na ufuate picha za safari hiyo peke yake.

Hatua ya 6: Mizani. Weka ndani injini, parachuti na karatasi ya kinga isiyoshika moto, kwani injini ya D12 peke yake ina takriban gramu 43 na yote yako mkiani. Sawazisha mfano juu ya kamba mpaka ulale bila kuinama. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Kikiwa nyuma ya alama ya maelekezo, ongeza uzito ndani ya kichwa, kidogo kidogo, mpaka kifike. Usiruke hatua hii hata kama mfano wa jirani yako uliruka vizuri bila uzito wowote, kwa sababu gundi yake na rangi yake si zako.

Hatua ya 7: Kurusha. Tafuta uwanja wazi wenye upana wa mita 150 au zaidi, usio na nyasi kavu, na uulize kwanza sheria za anga na za baruti za nchi uliyopo. Chagua asubuhi tulivu. Mfano huu ni mzito, huondoka taratibu kwenye fimbo ya kurushia inayouongoza, na upepo huuinamisha kwa urahisi. Siku ya baridi, paka poda ya watoto kwenye parachuti ya plastiki ili mikunjo isigandamane. Simama angalau mita 5 kutoka kwenye fimbo, hesabu kwa sauti kutoka 5, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia. Injini isipowaka, ondoa ufunguo wa usalama kwenye kifaa cha kuwashia na usubiri sekunde 60 kabla ya mtu yeyote kuukaribia mfano. Mfano ukitua salama, kagua kamba ya mpira karibu na mahali ilipofungwa. Ikiwa imeungua hata kidogo, ibadilishe kabla ya mruko wa pili.