Kabla hujarudi barabarani baada ya kuacha kukimbia

Mwaka juzi niliacha kukimbia tangu mvua za Desemba hadi mwanzoni mwa Aprili. Sikuwa naumwa. Ilianza na tope la mtaani kwetu, ikaja safari ya kikazi, kisha nikazoea kulala hadi saa moja. Niliporudi, wiki ya kwanza nilihema kama mbuzi aliyefukuzwa, ya pili nikapata nafuu, ya tatu nikajiona nimeshapona uvivu. Wiki ya nne, kwenye kimwinuko cha kuelekea UDOM, Chuo Kikuu cha hapa kwetu Dodoma, kigimbi cha kushoto kikakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nilirudi nyumbani kwa bodaboda.

Kumbe pumzi hurudi kabla ya miguu, na karibu kila jambo la kuangalia kabla ya kuanza tena linatokana na hilo. Ukiacha mazoezi, kinachopungua kwanza ni maji ya damu, tena ndani ya siku chache. Moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule uliouzoea. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 uliofuatilia wanamichezo walioacha mazoezi: wiki tatu za mwanzo walipoteza kama asilimia 7 ya uwezo wa kutumia oksijeni, na kufikia siku ya 56 walikuwa chini kwa asilimia 16, kisha wakatulia hapo. Maana yake hushuki hadi sifuri.

Sasa kwenye kurudi, maji ya damu hujaa upesi na moyo hutulia. Kano hazina haraka hiyo. Zinapata damu kidogo, na kujijenga kwake ni kazi ya miezi. Mfupa nao, ukiurudishia mzigo, huanza kwa kujibomoa kidogo ndipo ujenge upya, kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambazo wewe unajisikia vizuri na muundi wako uko katikati ya ukarabati.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nini kilikusimamisha. Kilomita zitafuata. Kama ni malaria, kumaliza dozi ya dawa mseto peke yake si ruhusa. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni. Homa inaweza kuwa imeisha na bado damu iko chini, nawe ukadhani ni uzembe. Pima wingi wa damu kwanza. Homa ikiwepo hukimbii, hakuna mjadala. Kama lilikuwa goti au kisigino, tembea kwa kasi dakika 30, kisha usikilize kesho yake asubuhi unaposhuka kitandani. Hiyo kesho yake ndiyo wengi tunairuka. Aliyejifungua apate kwanza neno la kliniki. Mwenye presha, au aliyewahi kubanwa kifua au kuzimia akijikaza, aanzie kwa daktari, asianzie Nyerere Square, ule uwanja wa katikati ya mji.

Kuhusu kiasi, wiki moja ya mapumziko haihitaji mpango wowote, kimbia tu. Wiki mbili, anza na robo tatu ya kilomita zako za zamani. Mwezi, anza na nusu. Ikizidi miezi mitatu jihesabu mgeni: dakika mbili kukimbia, mbili kutembea, jumla dakika 20, mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Haya ni makadirio ya watu wa mazoezi, mwili wako unaweza kuyapunguza au kuyaongeza. Kasi usiipange kabisa. Kipimo ni mdomo: ukishindwa kumsimulia mwenzako kisa cha jana bila kukatakata sentensi, umezidisha. Na ile programu ya simu inayokuonyesha muda wako wa mwaka jana, ifunge.

Hamasa nayo ipimwe. Septemba 2025, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48, muda ukisomeka sawa na wa Amanal Petros wa Ujerumani, ambaye Simbu alimpita kwenye hatua za mwisho kabisa. Asubuhi yake nilitamani kukimbia hadi Manyoni. Lakini miguu yangu haikutazama televisheni. Kosa lililonirudisha kwa bodaboda lilikuwa la aina hiyo: pumzi iliniambia ndiyo, nikaongeza kilomita na nikaongeza mlima, siku moja. Ongeza kimoja, ukae nacho wiki nzima.

Raba ziangalie siku mbili kabla, usisubiri zile dakika za alfajiri. Zangu zilikuwa zimekaa barazani miezi minne, nyuma ya ndoo, zikipigwa jua la mchana. Kwa juu zilikuwa nzima. Baadaye nilipobonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba, ile laini inayopokea kishindo, haikubonyea. Ilikuwa imekakamaa kama sabuni ya mche iliyosahaulika. Kabla ya kuanza kukimbia sikuwa nimeibonyeza, ndiyo maana nasema. Ukinunua za mitumba, zigeuze uzitazame kisigino: soli iliyolika upande mmoja itakufundisha mwendo wa mtu mwingine. Na kabla ya kuzivaa zikague chini kama kuna mbigili. Wale wanaokimbia njia za vumbi za Ntyuka au Iyumbu wanajua mbigili ilivyo na subira. Inakaa kwenye soli hadi kilomita ya pili ndipo ikutane na unyayo.

Njia ya wiki za mwanzo iwe tambarare na ngumu kiasi. Mchanga wa korongo unavutia kwa ulaini wake, ila kisigino kinazama na kano yake inavutwa kila hatua, jambo ambalo kano iliyolala miezi minne hailiwezi. Milima ya kwetu iko palepale, isubiri.

Saa nayo ina mambo yake hapa. Waliohamia kutoka Dar es Salaam hushangaa: jua la Dodoma huchelewa karibu robo saa, na mwezi Julai saa kumi na mbili na robo bado ni kiza cha kutosha dereva wa bajaji kutokukuona. Vaa nguo nyeupe, kimbia ukitazamana na magari. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna upepo. Anza ukiupinga, urudi nao mgongoni ukiwa umechoka. Ukirudi mazoezini Oktoba au Novemba, hesabu pia joto. Mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kulizoea, na mazoea hayo hupotea ukikaa ndani. Kunywa maji tangu jana yake jioni. Chakula sina la kusema zaidi ya kwamba tumbo lililojaa ugali wa uwele halikimbii.

Kundi la jogging la Jumamosi liache liwe la mwisho kwenye orodha. Zile nyimbo na makofi hubeba miguu ambayo haijawa tayari, na hakuna anayetaka kuachwa mbele za watu. Siku ukijiunga, chagua tangu nyumbani mahali utakapogeukia na umwambie mmoja wao. Mimi nilimwambia dada mmoja wa kundi letu kwamba naishia kwenye duka la mangi, lile lenye mkungu wa ndizi mlangoni. Tulipofika akanigusa bega, akanyoosha kidole. Wao wakapita na wimbo wao, nami nikageuka nikaanza kutembea.