Somo: Kalibu ya kuungia fremu kwenye karakana ya uani

Mafundi wenzangu, minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi, huku Mtwara oda huja kwa mkupuo: milango ya kabati, fremu za madirisha, stuli. Ukiunga kila fremu sakafuni na skwea (kipimo cha pembe mraba) mkononi, fremu kumi zitatoka na sura kumi. Kalibu, yaani kitako chenye kingo zilizofungwa kwa pembe mraba ambamo kila fremu huungwa, inamaliza hilo, na kijana unayemfundisha anaweza kuunga huku wewe unapasua mbao.

Mahitaji. Plaiwudi ya milimita 18, mbao za inchi 2 kwa 4 zilizokauka, vipande vya mninga, skrubu, gundi nyeupe na uzi. Shiti ya futi 4 kwa 8 ukiikata kukingama inatoa vipande vitatu vya upana wa sentimita 80, nawe unahitaji kimoja tu. Mninga nimeutaja makusudi: hauvimbi wala kusinyaa sana unyevu unapobadilika, na hewa ya baharini hapa mnaijua. Paini itumieni kwenye fremu ya chini tu.

Hatua ya 1: kitako. Piga randa 2 kwa 4, zisimamishe kwa ubavu mwembamba, unga fremu, kisha laza plaiwudi juu kwa gundi na skrubu. Kabla gundi haijakauka, vuta nyuzi mbili kutoka kona hadi kona. Zinapokatiza katikati zigusane tu, bila kusukumana. Badilisha ya juu iwe ya chini, uangalie tena. Zikiachana au zikikandamizana, kitako kimepinda. Tia kibao chini ya kona moja hadi nyuzi zikubaliane.

Hatua ya 2: kona. Hapa msiwe na haraka. Kalibu nzima ni kona hii moja, mengine ni mapambo.

Chora mistari kwa penseli kwanza, mbao baadaye. Chora mstari mrefu ubavuni, pima sentimita 80 juu yake kutoka kona. Chora wa pili kutoka kona hiyo hiyo, pima 60. Kutoka alama hadi alama ipatikane 100 kamili, ndipo kona ni mraba. Ndoano ya futikamba huwa inachezacheza, kwa hiyo anzia kwenye 10 na usome 110. Skwea ya dukani msiiamini kwa sababu ni mpya: chora mstari nayo, igeuze upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikiachana, kosa la skwea ni nusu ya uwazi unaouona.

Ukingo mrefu, yaani kipande cha mninga cha kwenye mstari mrefu, ukae kwa gundi na skrubu. Ukingo mfupi usipake gundi. Funga skrubu moja karibu na kona, usogeze hadi ulale kwenye mstari, ubane, ndipo utie skrubu za mwisho. Mvua zikija na kona ikasogea, utalegeza upande huo tu. Na kingo hizo zisikutane: acha uwazi wa sentimita 3 penye kona. Vumbi la msumeno na gundi inayomwagika hupita hapo, la sivyo fremu haitakaa vizuri.

Hatua ya 3: kabari. Upande wa pili wa fremu funga vizuizi viwili, ukiacha nafasi kidogo. Kata kabari mbilimbili, urefu sentimita 16, unene kutoka 1 hadi 3. Ziingize zikielekeana, zigonge kwa zamu. Gundi ikianza kuchungulia kwenye maungio, acha nyundo.

Chini ya maungio tandika nailoni, hata ile ya godoro jipya inafaa. Wengine husugua mshumaa. Mimi siupendi, maana nta ikigusa ubao wa kazi, vanishi haishiki.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Mninga umepanda bei. Kingo za mnazi zinafaa?*
Marahaba, mwanangu. Zinafaa ukichagua mbao ya nje ya shina, ile nyeusi na nzito. Ya moyoni ni laini, skrubu itachomoka. Toboa kwa drili kwanza.

*Kaka, kwani klampu za chuma zina ubaya gani?*
Hazina ubaya, zina bei. Kabari unazikata kwenye mabaki.

*Naunga stuli ya miguu iliyotanuka. Nifanyeje?*
Unga upande mmoja mmoja: miguu miwili na ubao wake wa kati. Kata vipande viwili vya mshazari ule ule wa mguu, viweke kati ya mguu na ukingo, kulia na kushoto. Viandike jina la kazi, utavihitaji oda ikirudi.

*Fremu ikae kwenye kalibu muda gani?*
Gundi nyeupe, kama saa moja, na masika ongeza. Nguvu kamili inataka siku nzima, kwa hiyo usiitundike wala kuipiga randa kabla ya hapo.

*Fundi, yangu inatoka na skwea safi lakini kona moja inanyanyuka.*
Kwanza rudia nyuzi. Kitako kikiwa sawa, basi umegonga kabari mno na fremu imejiinua. Legeza, weka ubao mnyoofu juu ya fremu, uukaze chini kwa klampu mbili, ndipo ugonge kabari upya polepole.