Namna ya Kulisoma Jalada la Fidia ya Shamba Lililotwaliwa Enzi za Mkoloni

Anayefuatilia shamba la babu yake lililotwaliwa na Serikali katika pwani ya Kenya asianze na bei, bali aulize kwanza ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye ardhi. Huko Lagos, Chifu Amodu Tijani alibishana na Serikali juu ya fidia ya ardhi ya Apapa, nayo ikashikilia kwamba alichokuwa nacho ni mamlaka ya usimamizi tu; mwaka 1921 Baraza la Rufaa la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, liliamua kwamba fidia ihesabiwe kama umilki kamili, kwa niaba yake na jamaa zake.

Kwa pwani yetu, tazama kama shamba lilidaiwa chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, kwa kuwa ardhi isiyothibitishwa na mdai yeyote ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Hati ikipatikana, ilinganishe na karatasi za kadhi, ambazo huenda zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na kutaja mipaka kwa majina ya majirani. Usisahau kwamba udongo waweza kuwa wa mtu mmoja, minazi ya mwingine na nyumba ya wa tatu. Jalada linaloonyesha malipo madogo pengine ni la minazi peke yake, na nimeona ni rahisi mno kulipita jambo hilo.

Utwaaji wenyewe uliongozwa na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya India ya 1894, iliyotumika Kenya hadi ilipofutwa mwaka 1968. Tafuta tangazo katika Gazeti la Serikali, kisha uamuzi wa afisa aliyekadiria, kisha barua za mdai. Thamani ya soko ilipimwa kwa kurejea tangazo, wala si siku ya malipo, na juu yake iliongezwa asilimia 15 kwa kuwa mwenye mali hakuuza kwa hiari. Nyongeza hiyo isipoonekana, hapo pana hoja. Asiyeridhika aliweza kuomba suala lipelekwe mahakamani, lakini kama alikuwapo uamuzi ulipotolewa alikuwa na wiki 6 tu. Soma pia risiti neno kwa neno, maana aliyepokea fedha bila kueleza kwamba anapokea huku akipinga alijifungia mlango wa mahakama, na wazee wengi wasiojua Kiingereza wangeweza kutia dole gumba pasipo kuelezwa hilo.

Nakala za majalada ziulizwe kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi, na hati kwenye ofisi ya ardhi ya Mombasa. Kama mdai alimwandikia Waziri wa Makoloni, barua itafutwe London, katika hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza iliyoko Kew, kundi la CO 533, yaani barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Kenya, ukitaja mwaka na jina kwa tahajia zote zilizowahi kutumika.