PP1 na PP2: dakika kumi za jioni zinazomsaidia mwalimu

PP1 na PP2 ni madarasa mawili ya awali nchini Kenya, kabla ya Gredi ya Kwanza. Mtoto wa PP1 ana miaka minne hivi, wa PP2 mitano. Wengi Nairobi hurudi nyumbani na kurasa nzima za kunakili herufi, na mzazi anayefika saa moja usiku anamkalisha mezani huku macho yanafumba. Kazi ya namna hiyo humfundisha kuchukia daftari tu. Mwalimu anayetaka msaada wa nyumbani aandike kwenye diari jambo moja la wiki: sauti moja, namba moja au wimbo mmoja. Akiandika manne, hakuna litakalofanyika. Mzazi naye atenge dakika kumi kabla ya chakula cha jioni, maana mtoto akishashiba, usingizi umemchukua.

Tuanze na sauti, kwa sababu hapa ndipo nyumbani na shule huvutana zaidi. Mtoto aliyefunzwa kwamba herufi m ni "em" akiambiwa aiunganishe na "a" atasema "ema", na yuko sahihi kwa alichofunzwa. Mfunze "mmm", midomo imefungwa. Anza na a, e, i, o, u, kisha m, kisha ma, me, mi, mo, mu. Mwalimu aonyeshe kwenye diari kama sauti ya wiki ni ya Kiswahili au ya Kiingereza, la sivyo "e" ya darasani itageuka "i" nyumbani na mtoto atabaki njia panda.

Kabla ya kusoma silabi, azipigie makofi: u-ga-li, ma-ta-tu. Neno "mtoto" huwakwaza wengi. Hupiga makofi mawili badala ya matatu kwa sababu "m" ya mwanzo haina irabu, ingawa ni silabi kamili. Usimkaripie. Piga naye taratibu, m-to-to, mara mbili, halafu endeleeni na neno jingine.

Kuhesabu hadi mia kwa kuimba si kujua hesabu. Mpe vifuniko vitano vya soda, avisogeze kimoja kimoja kutoka kushoto kwenda kulia akitaja namba. Mdomo ukikimbia kuliko kidole, punguza viwe vitatu. Akimaliza, funika kwa kiganja umuulize, "Viko vingapi?" Asipoweza kujibu bila kuanza tena "moja, mbili…", bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi ya vyote, kaeni hapo hapo wiki nzima, msiongeze. (Mdogo wake wa chini ya miaka mitatu asiachiwe vifuniko hivyo, vinaweza kumkaba.) Stejini, aitafute tano kwenye matatu namba 58 ya Buruburu au sita kwenye namba 46 ya Kawangware.

Penseli inayotetemeka mara nyingi ni vidole visivyo na nguvu bado. Mtengenezee unga wa kufinyanga: changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, na maji yasiyozidi kikombe kimoja, ukiyatia kidogo kidogo. Ukinata mikononi, ongeza unga. Ukipasuka, ongeza matone ya maji. Chumvi huchelewesha kuvunda na ladha yake humzuia mtoto kuula. Auviringishe, aufinye, atengeneze herufi ya wiki. Krayoni fupi nazo humlazimisha kushika kwa ncha za vidole, kwa hiyo usitupe zilizovunjika.

Akisema "kitabu yangu imepotea", usimkatize kwa somo la sarufi. Jibu, "Kitabu chako kimepotea? Ulikiacha wapi?" Amesikia umbo sahihi na mazungumzo yameendelea. Vivyo hivyo kwa Sheng. Na badala ya "Leo mmefanya nini?", ambalo jibu lake karibu kila mara ni "hakuna", muulize alikaa karibu na nani, au wimbo gani uliimbwa.

Usingizi nao ni sehemu ya kazi. Mtoto wa umri huu anahitaji saa kumi hadi kumi na tatu kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule, na mchana halali, awe kitandani saa moja usiku. Wengine hulia asubuhi mlangoni bila sababu ya wazi kwa kuwa hawakulala vya kutosha. Muage kwa ufupi, mwambie utarudi baada ya tukio analolijua, "ukishakula chakula cha mchana", kisha uondoke. Ukitoroka kimyakimya, kesho atakung'ang'ania zaidi.

Mzazi asimuulize mwalimu "Amekuwa namba ngapi?" Mtaala wa umilisi (CBC) haupangi watoto wa PP kwa namba, na swali hilo ndilo humrudisha mwalimu kwenye kurasa za kunakili. Aulize mtoto anaweza nini sasa ambacho mwezi uliopita hakuweza.

Mwalimu naye, kabla ya kumwita mtoto mzito wa kuelewa, amketishe mbele kwa wiki moja na amwite kwa sauti ya chini akiwa nyuma yake. Asipogeuka, au akisogeza uso karibu mno na kitabu, mzazi aambiwe siku hiyo hiyo ampeleke kupimwa masikio na macho.