Somo: Kupima nishati inayombakia kome baada ya kula

Wengi hupima maji aliyochuja kome wakaishia hapo, kana kwamba kila kilichonaswa na matamvua kimeliwa. Sivyo.

Hatua ya 1. Mtie kome kwenye lita 2 za maji ya bahari yaliyochujwa. Akishafunguka, ongeza vijimwani (mwani mdogo mno wa seli moja moja) na upulizie hewa taratibu visituame. Chombo cha pili kiwe na makombe matupu tu, la sivyo vilivyozama utavihesabu kuwa vimeliwa.

Hatua ya 2. Hesabu seli za vijimwani mwanzo na mwisho. Kiwango cha kuchuja = ujazo ÷ muda × ln(mwanzo ÷ mwisho); ln ni logi asilia. Zikishuka kutoka 20,000 hadi 10,000 kwa mililita ndani ya nusu saa, na chombo cha pili hakikubadilika, amesafisha kama lita 2.8 kwa saa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Kinyesi hutoka na maji yanayotoka, nacho ni utepe ulioshikana. Upande wa maji yanayoingia utaona vinyuzi vya ute, vilegevu, vinavyotawanyika ukivigusa na pipeti: hicho ni chakula kilichokataliwa kabla ya kumezwa. Maji yakijaa tope huwa kingi mno. Kikusanye mbali na kinyesi, ukitoe kwenye hesabu ya kilichochujwa.

Hatua ya 4. Kausha kinyesi, pima, choma kwa nyuzi 450 za Selsiasi, pima tena. Kilichopotea, ukikigawanya kwa uzito mkavu, ndiyo sehemu ya ogania, yaani mata hai inayoungua (E). Chakula nacho vivyo hivyo (F). Kanuni ya mtafiti Conover ya 1966, ya sehemu iliyofyonzwa: (F − E) ÷ [(1 − E) × F]. F ikiwa 0.6 na E 0.3, amefyonza 0.71 ya ogania aliyokula.

Hatua ya 5. Geuza kilichofyonzwa kuwa jouli (kipimo cha nishati), kisha toa gharama ya kupumua (takriban jouli 20 kwa mililita ya oksijeni) na ya amonia anayotoa. Jibu likiwa hasi, anakula akiba yake.

MASWALI

– Mwalimu, kome wangu kafunga kombe lake nusu ya muda. Nifanyeje?
Rudia. Ukigawanya kwa muda wote utapata kiwango cha chini kuliko uwezo wake.

– Na Tridacna, yule kombe mkubwa wa matumbaweni?
Huyo huchuja, lakini pia ana vijimwani ndani ya nyama vinavyomtengenezea sukari. Pima oksijeni kwenye mwanga na gizani.

– Macoma je, yule kombe mdogo anayejizika kwenye tope?
Mara nyingi hufyonza tope la chini kwa mrija wake. Ukihesabu seli za majini tu, utadhani ana njaa.