Jinsi Nchi Ndogo Inavyotunga na Kutekeleza Sera ya Ulinzi

Kabla ya kufungua orodha ya silaha, waandaaji wa sera wajibu swali moja: nchi ikishambuliwa, itasimama peke yake kwa muda gani? Jibu liwe namba: saa 12, siku 5 au wiki 3. Namba hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa jeshi, akiba ya mafuta na risasi, na aina ya marafiki wa kutafuta. Iraki ilipoivamia Kuwait alfajiri ya 2 Agosti 1990, mji mkuu ulitekwa siku hiyohiyo. Kilichosalia ni serikali iliyovuka mpaka kuingia Saudia ikiwa bado inatambuliwa na Umoja wa Mataifa, na utambuzi huo ulichangia nchi kukombolewa Februari 1991. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa sera useme nani ataongoza, akiwa wapi na kwa mamlaka ya sheria ipi, iwapo ikulu haifikiki.

Kikundi cha kuandika kiwe kidogo, watu 6 hadi 8, kutoka ulinzi, mambo ya nje, mambo ya ndani, usalama wa taifa na hazina. Hazina iwepo tangu kikao cha kwanza. Ikiitwa mwishoni kutia saini tu, sera hugeuka orodha ya matamanio, na bajeti ya mwaka wa pili huikatakata.

Matishio: kila moja ukurasa wake

Kwa kila tishio andikeni nani, kwa njia gani, dalili zitaonekana muda gani kabla, na nini kitapotea. Kosa la kawaida ni kujiandaa kwa vita ambavyo maofisa walivisomea chuoni na kuisahau njia ambayo adui ataipita kweli. Novemba 1981 mamluki walitua uwanja wa ndege wa Mahé, Shelisheli, kwa ndege ya abiria, wakijifanya watalii, bunduki zikiwa zimefichwa ndani ya mabegi. Waligunduliwa kwenye ukaguzi wa forodha. Mkaguzi wa mizigo ni sehemu ya ulinzi wa taifa, na sera isiyomtaja ina pengo. Nchi hiyohiyo ina ardhi ya takribani kilomita za mraba 460 na eneo la bahari linalozidi milioni 1.3. Ramani kama hiyo inadai rada, boti na ndege za doria kabla ya kifaru.

Kuchagua njia

Njia ni chache. Costa Rica ililifuta jeshi lake mwaka 1948, ikaliweka katazo hilo kwenye katiba ya 1949, na inategemea polisi na mikataba. Iceland haina jeshi la kudumu, lakini imo NATO, muungano wa kujihami wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, tangu 1949. Uswisi haiegemei upande wowote, ila raia wake wanapewa mafunzo na silaha. Singapuri tangu 1984 inahesabu uchumi, huduma za dharura na moyo wa wananchi kuwa nguzo za ulinzi sawa na jeshi. Chagueni moja na mkubali gharama yake. Estonia, Latvia na Lithuania zimeacha anga lao lilindwe kwa zamu na ndege za washirika wao wa NATO tangu 2004, na hivyo hazikulazimika kununua ndege zao za kivita. Ni uamuzi mzuri mradi mkataba useme wazi nani anakuja, kwa idhini ya nani, na anatua uwanja upi.

Hesabu za watu, vyombo na fedha

Hapa ndipo sera nyingi hufa. Wiki ina saa 168. Mtu anayefanya kazi saa 40 huziba chini ya robo yake, na ukiongeza likizo, ugonjwa na mafunzo, kiti kimoja cha zamu ya mchana na usiku kinataka watu 5 hadi 6. Kituo cha rada chenye viti 3 kinahitaji basi watu 15 hadi 18. Kwa meli, boti moja ikiwa baharini, ya pili huwa matengenezoni na ya tatu mafunzoni. Serikali iliyonunua boti moja imenunua doria ya miezi michache tu kwa mwaka.

Kila ununuzi uandikiwe gharama ya miaka 20: vipuri, mafuta, risasi, mafundi. Mara nyingi jumla hiyo huipita bei ya kununulia. Vipuri hulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo sarafu ikishuka, saa za doria hupungua bila mtu kuamua. Misaada nayo ina mtego: magari ya aina 5 kutoka kwa wafadhili 5 yanataka stoo 5 na mafundi wa aina 5. Kukataa zawadi isiyoingia kwenye mpango ni haki ya mwenye sera.

Sheria na utekelezaji

Sheria itaje nani anaamuru kufyatua risasi, lini jeshi linasaidia polisi, na bunge linaarifiwa ndani ya saa ngapi. Nchi ikijihami chini ya Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, lazima iliarifu Baraza la Usalama mara moja. Barua iwe imeshaandaliwa. Makamanda wa boti wafahamu pia kwamba ndani ya maili 200 za baharini nchi ina haki juu ya samaki na madini, lakini nje ya maili 12 za bahari ya taifa meli za wengine zinapita kwa uhuru.

Kila uamuzi upewe mwenye dhamana mmoja, tarehe na fungu la fedha. Kisha pimeni. Mwaka 2007 Estonia ilishambuliwa kupitia mtandao, na tovuti za benki, magazeti na serikali zikazidiwa. Igeni hali hiyo mara mbili kwa mwaka: waiteni mawaziri usiku, simu za kawaida zikiwa zimezimwa, muone nani anafika na baada ya dakika ngapi. Kinachofeli kwanza huwa orodha ya mawasiliano iliyopitwa na wakati. Ripoti ya zoezi itoke ndani ya siku 14, kila kasoro ikiwa na jina la atakayeirekebisha, na kamati ya bunge iisome kabla ya kupitisha bajeti ijayo.